Karabai ya Filamu Bora

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa ndani ya banda la video, mtaa wa Rusimbi, mjini kwetu kando ya ziwa, nikitazama migongo ya watu wanaotazama filamu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshafanya mengi. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba magunia ya dagaa Kibirizi, nikavua msimu mmoja Kagunga mpaka nikakubali kwamba ninaogopa maji, nikauza betri na vioo vya mkononi sokoni Mwanga. Hakuna kazi niliyofukuzwa. Zote niliziacha mwenyewe, asubuhi moja tu naamka nataka kujua kitu kingine. Banda lilinishika kwa muda mrefu kuliko kazi zote, kwa sababu pale kila siku kulikuwa na kitu kingine na sikuhitaji kwenda popote.

Lilikuwa banda la mabati lenye turubai jeusi ndani ili mwanga wa mchana usipenye. Mwenye banda alikuwa mama mjane aliyeachiwa banda hilo na marehemu mumewe, na yeye hukaa mlangoni kupokea watu. Mimi nilishika projekta. Kuanzia saa nane mchana wanaingia wavuvi waliokwisha kulala usingizi wao, wanaingia wa sokoni waliomaliza biashara, na mafundi wanaosema wamekuja dakika kumi tu.

Pembeni ya skrini, juu ya kreti la soda, alikaa mtafsiri. Kwa asiyejua mambo ya mabanda yetu nieleze: filamu zinazokuja zinazungumza Kiingereza, Kichina, Kihindi, na sisi hatuna muda wa kujifunza lugha za dunia nzima. Basi mtu mmoja anashika maiki na kutuambia wanasema nini. Yeye ndiye askari na ndiye mwizi, mama mkwe pia ni yeye, na wote wakinyamaza anatueleza wanawaza nini. Wa kwetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kuhudumia abiria kwenye meli ziendazo kusini hadi Zambia. Kiingereza alikitoa huko, Kifaransa alikitoa Bujumbura. Watafsiri wengine hubana pua mwanamke anapoongea, watu wacheke. Yeye hakubana pua. Alipunguza sauti tu, nasi tukajua ni mwanamke. Na mtu akiwa anakufa kwenye filamu, Mzee hakumkatiza. Alimwacha amalize kufa ndipo aseme.

Mara moja kwa mwaka redio na simu zilianza kutaja filamu zinazogombea tuzo kubwa kule Marekani, na hapo watu wetu walikasirika. Walikasirika kwa sababu hawakuulizwa. Kwa hiyo, tangu kabla sijafika mimi, banda lilikuwa na tuzo yake: karabai. Ilikuwa karabai ya kweli, ya wavuvi wa dagaa wa zamani, kabla taa za sola hazijaingia ziwani. Mtu alikuwa ameipaka rangi ya dhahabu, ile ya kuandikia vibao vya maduka. Picha ya filamu iliyoshinda ilibandikwa ukutani, na karabai ikatundikwa juu yake mwaka mzima.

Sheria ilikuwa moja. Huwezi kuitetea filamu usiyoweza kuisimulia. Unasimama mbele, unaisimulia kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wote wamekaa wanakuvizia. Ukikosea jambo moja na mtu akathibitisha, unakaa chini, na filamu yako inakaa na wewe. Waliobaki ndio wanaopigiwa makofi, na makofi makubwa ndiyo ushindi. Niliona hiyo ni sheria nzuri kuliko nyingi nilizofundishwa shuleni.

Mwaka ule, wakati wa mvua, tuliletewa filamu ya mume anayeondoka kwenda kufanya kazi mgodini. Mkewe anabaki kando ya bahari fulani yenye baridi, anakausha samaki. Miaka inapita, barua zinapungua, kisha hazipo. Si filamu ya kupigana. Nilidhani watu watatoka, lakini hawakutoka. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye hukaa benchi la mbele na kuwanyamazisha wanaume kwa jicho tu, alisogea mbele kidogo kidogo mpaka akawa amekaa ukingoni kabisa.

Mwishoni ni usiku, mwanamke yule ana taa ndogo mezani. Mlango unagongwa. Anainuka. Anashika kitasa.

Na skrini ikawa nyeusi.

Mimi nilijua mara moja kilichotokea. Faili lilikuwa limekatika. Nakala iliyokuja kwenye flashi haikuwa kamili. Umeme ulikuwepo na maiki ilikuwa hai. Watu walikuwa bado wameshika pumzi. Mzee alinitazama, nami nikazungusha mkono hewani, ile ishara yetu ya kusema endelea. Nilichomaanisha ni aseme chochote, awaombe radhi, awachekeshe wakati natafuta cha kufanya.

Mzee akanyanyua maiki. "Upepo umeingia na mlango," akasema, "taa imezimika. Hamwoni kitu. Hata yeye haoni kitu." Akasogeza maiki karibu. "Anauliza: nani? Hajibiwi. Ananyoosha mkono, anagusa koti. Koti lina harufu ya makaa. Anapandisha mkono, anagusa uso, anakuta ndevu asizozijua, na chini ya ndevu anakuta lile kovu la kidevuni. Anasema: umechelewa, samaki wameshakauka. Na sauti inamjibu gizani: nimekuja kula hivyo hivyo."

Banda lililia, na mimi nililia, mimi niliyejua.

Siku zilizofuata sikusikia mtu akisema filamu ilikatika. Walichosema ni kwamba aliyetengeneza filamu ile ana akili nyingi, amezima taa makusudi ili nasi tupapase kama yule mwanamke. "Wengine wangewasha mataa yote tuone wanakumbatiana," alisema mwendesha bodaboda mmoja. "Huyu kajua sisi tuna haya." Nilitaka kusema, sikusema. Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Wiki mbili kabla ya siku ya karabai, mwenye banda alirudi kutoka Dar es Salaam na flashi iliyojaa filamu zilizotiwa Kiswahili tayari, vijana wa huko wameshazungumza kila kitu ndani yake. Ukiziweka hazihitaji mtu kwenye kreti. Hakuwa na ubaya na Mzee. Alimwita mbele yetu sote, kwa heshima.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mama."

"Watu wananiuliza kwa nini sisi bado tuko na maiki. Sitaki niamue peke yangu. Mwaka huu karabai ndiyo iamue. Ikienda kwa filamu uliyoitafsiri wewe, maiki inabaki. Ikienda kwa filamu ya hizi za Dar, nitaikunja."

Mzee akaifuta maiki kwa kitambaa chake kama afanyavyo kila siku. "Sawa, mama," akasema. Hakuwa na kazi nyingine, na kila mtu pale alijua hivyo. Lakini nadhani hakuogopa njaa. Aliogopa kukaa nyumbani kimya.

Basi ubishi wa mwaka ule haukuwa kama wa miaka mingine. Ulianza kwenye mabenchi ukaendelea sokoni. Upande mmoja alikuwa mama wa dagaa na filamu ya mgodini. Upande wa pili alikuwa fundi cherehani mmoja wa Mwanga, mtu mwembamba, mbishi, anayetazama filamu kwa ajili ya nguo. Filamu yake ilikuwa ya mapanga, ya zile za Dar.

"Lile koti la jemadari limeshonwa kwa mkono," alisema. "Nilimwomba huyu kijana wa projekta asimamishe picha, nikahesabu mishono begani. Mtu amekaa miezi kwa koti linaloonekana dakika moja. Hiyo ndiyo sanaa, mama yangu."

"Koti halina midomo, fundi. Wewe umempenda jemadari au bitana yake?"

"Na wewe umempenda nani? Samaki?"

"Ego! Samaki," mama akajibu kwa Kiha kwamba ndiyo, na watu wakacheka. "Tazama vidole vya yule mwanamke. Anageuza samaki kwa kucha, hawabonyezi, anaanza na wa pembeni. Hakuna aliyemfundisha kuigiza vile. Yule amekausha samaki kweli, au alikaa na waliokausha. Majaji wako wa Marekani watajulia wapi?"

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kila mtu anaihukumu filamu kwa mikono yake mwenyewe. Nilimuuliza Mzee yeye anaihukumu kwa nini. "Kwa wanaponyamaza," akasema. "Maneno hata mimi ninaweza kuyaweka." Akanitazama kidogo, kisha akatazama pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kukaribia kulizungumza jambo lile.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hukuwaambia tu imekatika?"

"Mlango ulikuwa umeshagongwa," akajibu. "Ungeuacha?"

Siku ya karabai banda lilijaa mpaka turubai likafunuliwa upande mmoja, wengine wakae nje. Fundi alisimulia wa kwanza. Alisimulia vizuri, ingawa kila jemadari alipoingia tulielezwa alivyovaa. Hakukosea. Wengine wawili walisimama wakakaa, mmoja alisahau farasi, mwingine alimuua mtu aliyekuwa bado anahitajika. Kisha akasimama mama wa dagaa.

Nimesikia watu wengi wakisimulia, lakini yule mama, siku ile, alitupeleka wote kando ya ile bahari ya baridi. Aliigiza mikono. Alisoma barua kutoka kwenye kiganja chake kitupu. Alipofika kwenye mlango alipunguza sauti kama Mzee, na nikamwona Mzee, juu ya kreti lake, akitazama sakafu. Taa ikazimika. Mkono ukagusa koti, ndevu, kovu.

"Mama," fundi akasema taratibu. "Kaa chini."

"Nimekosea nini?"

"Sikutaka kusema. Walahi sikutaka." Alikuwa ameshika simu. "Binamu yangu wa Bujumbura amenitumia hiyo filamu juzi, niitazame tena kwa ajili ya koti la yule mume. Taa haizimiki. Na huyo anayegonga siye mume."

Watu wakamzomea. "Wewe fundi unatafuta ushindi!" "Mimi nilimwona kwa macho yangu akivua lile koti!" "Hata mimi, alilitundika msumarini!" Msumari sikuwahi kuusikia hata kwa Mzee, mtu aliupigilia mwenyewe kichwani mwake. Fundi akainua simu, wakamrundikia mabega. Waliokuwa nyuma wakawauliza wa mbele wanaona nini, na wa mbele hawakujibu. Kelele zikapungua zenyewe.

"Sisi tuliona nini basi?" mama wa dagaa akauliza. Alikuwa bado amesimama mbele, mikono yake haijashuka.

Nikasimama kwenye kiti changu cha plastiki. "Faili lilikatika," nikasema. "Mliona giza tu. Mimi ndiye niliyempa Mzee ishara aendelee."

"Ishara niliiona," Mzee akasema, bila maiki. "Maneno ni yangu."

Mwenye banda alikuwa ameingia kutoka mlangoni. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alisema sheria waliitunga wao, si yeye. Picha ya jemadari ikabandikwa, karabai ikatundikwa juu yake, makofi yakapigwa ya watu wanaotaka kwenda nyumbani. Fundi aliyapokea makofi yale kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Mzee mwenyewe ndiye aliyeukunja waya wa maiki, duara kwa duara, akampa mwenye banda kwa mikono miwili.

Kesho yake nilishuka Kibirizi kumtafuta mama wa dagaa. Alikuwa ameinama anageuza dagaa, akianza na wa pembeni.

"Nimesimama mbele ya watu wazima nikasimulia uongo," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ulinitazama naigiza mikono."

Nikainama nikamsaidia. Akanirekebisha mara mbili, nilikuwa ninawabonyeza. Baada ya muda akasema, "Huyo anayegonga ni nani?"

"Sijui. Fundi aliwaonyesha wao, mimi nilikuwa nyuma."

Akanyanyuka, akajifuta mikono. "Basi twende."

Tulimkuta mwenye banda anafagia. Mama wa dagaa alimwambia aliingia kuona filamu nzima na hakuiona, kwa hiyo anadai mwisho. Mwenye banda akasema mwisho upo kwa fundi, aende akatazame. "Kwa lugha gani?" mama akauliza. "Wale vijana wako wa Dar wameitafsiri?" Hawakuwa wameitafsiri. Si filamu ya mapanga. Mwenye banda akasimamisha ufagio, akafikiri, kisha akaniambia nikamwite Mzee. "Kwa hiyo moja," akasema.

Jumapili ile walikuja hata wale wanaokuja siku ya karabai tu. Fundi alileta simu yake mwenyewe, tukahamisha filamu, akakaa benchi la mbele karibu na mama wa dagaa, wakaachiana nafasi kama watu waliogombana msibani. Mzee alipanda kreti lake. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni, ikakaa sawa. Tulimwona mume akiondoka, tukasoma barua. Tulijua kila kitu na hakuna aliyekimbilia mwisho.

Mlango ukagongwa. Mwanamke akashika kitasa.

Taa haikuzimika. Mlangoni alisimama karani wa mgodi, mtu mnene mwenye aibu, amebeba bunda. Alisema maneno machache kwa lugha yake. Mzee hakutafsiri. Nilidhani maiki imekufa, nikaanza kupapasa waya.

"Mzee," mama wa dagaa akaita kutoka mbele. "Siye yeye?"

"Siye yeye," Mzee akasema kwenye maiki. "Anasema: mama, samahani. Nimeleta viatu vyake."

Baada ya hapo hakusema tena hadi mwisho. Mwanamke alipokea bunda, akafungua, akaviweka viatu karibu na mlango, ncha zikitazama nje. Kulipokucha akatoka uani, kwenye mwanga wa asubuhi, akaanza kugeuza samaki. Wa pembeni kwanza.

Nje ubishi ulirudi, asante Mungu. Mwendesha bodaboda alisema mwisho wa Mzee ulikuwa mtamu zaidi na yeye ataendelea nao. Mwingine alisema hawezi tena kuuondoa ule msumari.

"Ulikuwa mtamu," fundi alikubali. "Lakini aliyeitengeneza filamu hakuusema. Mtu akinishonea mkono wa tatu kwenye koti langu, hata ukiwa mzuri, koti siyo langu." Akatazama ndani ilikotundikwa karabai. "Hii ya leo ndiyo ningeipa karabai. Ila sheria ni sheria, jemadari akae."

"Yule mwanamke kurudi kwa samaki wake," mama wa dagaa akasema, si kwa fundi hasa. "Wasipogeuzwa wanaoza, hata ukiwa umefiwa. Hicho ndicho nilichotaka kusimulia. Mzee, hicho uliniibia."

"Nilikuibia, mama," Mzee akasema. "Nisamehe."

Mama akamwambia ana dagaa wake kidogo, apite kesho kuwachukua, na asije asubuhi sana.

Mwenye banda alikuwa akisikiliza akiwa mlangoni kwake. Alituita mimi na Mzee ndani. Alisema siku za kazi zitakuwa za filamu za Dar, hilo limeamuliwa na karabai na hawezi kulipindua. Lakini Jumapili ataweka filamu ambazo hakuna aliyezitafsiri, na Jumapili ni ya Mzee mpaka achoke mwenyewe. "Kwa sharti moja," akasema. "Skrini ikizima, na wewe uzime."

"Nimekubali," Mzee akasema. Siku moja kati ya saba. Sikujua kama nifurahi. Yeye alishachukua kitambaa na kuanza kuifuta maiki.

Nilikaa pale miezi michache tena kabla miguu haijaanza kuniwasha. Jumapili mojawapo ya mwisho tulikuwa na filamu ya mzee na binti yake ambao hawajaongea kwa miaka. Binti amesafiri mbali, amefika, amekaa kitako mbele ya baba yake, amefungua mdomo. Umeme ukakatika. Mtaa mzima, si sisi tu. Banda likawa jeusi, maiki ikafa, tukasikia mbuzi wa jirani.

Hakuna aliyetoka. Nilikuwa nikisikia watu wakipumua, wote wameelekea upande wa kreti. Mzee alikuwa na sauti ya kutosha hata bila maiki, angeweza. Nilisikia kreti likilia alipojisogeza.

"Mzee," mama wa dagaa akasema gizani. "Anamwambia nini baba yake?"

"Sijui, mama," Mzee akajibu. "Na mimi nasubiri umeme."